Baraza Letu la Marumaru

Hili nalisimulia kwa aibu, ila mke wangu keshalisimulia Maskati nzima na kila akilirudia mimi nazidi kuwa mjinga, basi bora mnisikie mwenyewe.

Siku zile za posa, mama yake na bibi yake walikuja kwangu Mawaleh kutazama nyumba atakayokaa binti yao. Sebuleni nilikuwa nimetundika picha kubwa niliyoinunua Ruwi, ya Warumi wa kale: baraza la marumaru jeupe mpaka unatamani kulivulia viatu, bahari ya buluu kwa nyuma, na wanawake waliojitanda vitambaa vyenye mikunjo, wamejiegemeza tu, hakuna anayetoka jasho. (Kaichora Mzungu wa nchi ya mvua ambaye Rumi hiyo hakuiona, kaiota tu, nami naipenda mpaka leo.)

Mama mtu akauliza, "Hapa ni wapi?"

Ningesema Rumi yakaisha, lakini walikuwa wametoka kuniuliza ukoo wangu, nikataka kujikweza kidogo, ulimi ukateleza: "Nyumba yetu ya zamani, Shangani."

Bibi, mzaliwa wa Unguja, akavaa miwani akainuka. "Shangani nnaijua nyumba kwa nyumba. Mbona mlango siuoni?" (Mzanzibari na mlango wa nakshi, mnajua wenyewe.) Nikamwambia uko upande wa pili. Hakuridhika, akasogeza maua ya plastiki niliyoyaweka makusudi kuziba pembe ya chini, ambako Warumi walikuwa wakimpeleka machinjoni nguruwe mnene, kavishwa shada la maua shingoni.

Mama mtu akaweka chini kikombe cha kahawa. Nikaona harusi yangu inaondoka.

"Na huyu," bibi akauliza taratibu, "naye wa kwenu?"

Nikakiri yote, jasho linanitiririka na kiyoyozi kinawaka. Bibi alikuwa bado anaitazama ile bahari. "Mchoraji kaongopa," akasema, "lakini kaongopa kitu kizuri, mtu unatamani kingekuwa kweli. Wewe umeongopa upate mke, na mke ushampata tangu juzi. Sisi tumekuja kupima mapazia."

Tangu siku hiyo nikiulizwa ukoo naanzia kwa baba naishia kwa babu. Maua ya plastiki nimeyatupa, picha ipo palepale, na mgeni akiuliza ni wapi mimi nanyamaza, anajibu mke wangu: "Shangani, kwa wakwe zangu." Kisha anaonyesha pembe ya chini. "Na yule ami yao."