Kinu Nilichokipasua

Mama hakuwahi kuketi akasimulia wafu wetu wa Kivu. Aliwataja akiwa na mchi mkononi tu. Tulitwanga muhogo mkavu sisi wawili, michi miwili kwenye kinu kimoja, nyuma ya nyumba yetu ya matope pale Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi. Wake ukishuka, anataja mtu: baba yangu, kaka zangu, babu, mpaka watu wa nyanya yake. Wangu ukishuka, narudilia. Ndivyo wanawake wa kwetu walivyotunza ukoo. Hilo wale wenye bunduki waliotumalizia watu hawakuweza kutunyang'anya.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa Mbarara akaleta mashine ya kusaga. Siku ya kwanza alimcheka mama.

"Nyabo, leta huo muhogo hapa. Injini haina mgongo wa kuuma."

Mama akanigeukia. "Mutoto wangu, hii kitu iko na makelele mingi. Sisi tutasemea fasi gani?"

"Tutasemea nyumbani, mama."

Hatukusema. Kwenye mashine tulisimama mstarini tumeziba masikio, na nyumbani mikono yake ilikosa kazi, mdomo nao ukafungwa.

Mwaka mmoja mvua ilizidi, kuni zote zikalowa. Nikakipasua kinu, nikapikia maharage. Mama alitazama ule moto, kisha akala.

Basi wenye kosa nawataja: wenye bunduki, bwana wa mashine, na mimi. Mimi nilifurahia unga laini. Nilifurahia muda niliopata, nikautumia kwenda Nyamitanga, mjini Mbarara, kufua nguo za watu, na mama akabaki peke yake mpaka alipokufa.

Baada ya kumzika nilitafuta kinu kingine kwa mchongaji mmoja Mrundi. Binti yangu akashangaa.

"Mama, mashine si iko pale?"

Nikampa mchi. Nikamtaja baba yangu, akarudilia. Kaka zangu. Babu. Nyanya. Baada ya nyanya mchi wangu ulishuka bila jina. Nikaanza upya, nikitumaini mkono utakumbuka. Ukakwama palepale. Watu wale wote, na mimi nimebaki na mlio wa kinu tu.

"Nirudilie nani?" akauliza.

Nikamtaja mama. Binti akarudilia. Muhogo ulikuwa bado mwingi, tukaanza tena kwa baba.