Klova ya Mchangani

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa ameapa: klova, yale majani ya malisho, ikikauka mwaka wa tatu mfululizo, anauza shamba. Ni ekari nne za mchanga kaskazini mwa Anoka, alizonunua ili awinde kulungu kama wenzake wa kazini. Kulungu hawaji pasipo na chakula, kwa hiyo huku ughaibuni watu huwapandia. Mimi niliyekua nikifukuza nyani kwenye mahindi, nikawa napanda na kuomba wanyama waje wale.

Uwindaji haukunihusu. Nilichokitaka ni kipande cha sukuma wiki alichonikatia pembeni, udongo pekee niliowahi kuushika tangu nianze kuhamahama. Akiuza, nacho kinakwenda.

Mwezi wa tano tulienda duka la mbegu. Akakamata mfuko wa klova nyeupe, wenye picha ya kulungu dume mwenye pembe kama matawi.

"Shemeji, hiyo si ndiyo iliyokufa?"

"Hii wameiboresha."

"Unanunua picha."

"Na wewe unajua nini? Miji sita umeishi, hujawahi kungoja hata mchicha ukomae."

Nilicheka, lakini iliniingia.

Muuzaji alitwambia nyeupe hudumu miaka mingi ikipata maji. Nyekundu hustahimili ukame zaidi, ila baada ya miaka miwili au mitatu inakwisha. Tukatoka bila kununua. Mama yangu alichagua majani ya ng'ombe kwa kung'oa, si kwa kutazama. Nikamwomba shemeji asimamishe gari mahali ambapo klova zote mbili zilikuwa zimejiotea kwenye kokoto kando ya barabara, nikachimba kwa bisibisi. Nyeupe ilitoka na vijizizi kama nywele. Nyekundu ilikuwa na mzizi mmoja ulionyooka kwenda chini, na ulikatika kabla sijaufikia mwisho.

Shemeji aliupokea mzizi huo. "Ikishakufa?"

"Tutapanda tena."

"Tutapanda? Wewe na nani?"

Nikafuta bisibisi kwenye suruali. Tulirudi dukani tukachukua nyekundu, tukaipanda.

Mwezi wa saba mvua ikagoma. Nikitoka kazini, ghalani Eagan, miguu imevimba, niliendesha gari hadi shambani kuitazama klova tu. Mchana ilinyong'onyea, majani yamejikunja, vumbi tele. Siku nilizofika asubuhi niliikuta imesimama. Nilichoka kuitumainia.

Mwezi wa nane shemeji alikuja, akazunguka shamba zima. Akang'oa shina moja mwenyewe, akautazama mzizi wake mrefu.

"Siuzi," akasema. "Lakini mwezi wa tatu, theluji ikiyeyuka, mbegu za kuongezea utazimwaga wewe. Uwepo, bwana. Mimi zamu zangu unazijua."

Wiki hiyo nilipaswa kumjibu rafiki aliyenipatia kazi Texas, kama nitahamia huko. Nilikaa kwenye ukingo wa buti la gari, nikavua viatu, nikakung'uta mchanga.

"Nitakuwepo," nikamwambia, kama mtu anavyokubali zamu ya ziada.