Shibiri Moja Hadi Bruseli

Harufu ya sabuni ya Ulaya ingali inanitia hasira, hata leo ninapomwogesha mwanangu. Ndivyo alivyonukia shangazi alipokuja wakati wa vita kuchukua mtoto mmoja tu kati yetu. Akamchagua mdogo wangu, mzuri wa sura. Alimpimia kwa vidole kwenye atlasi ya shule: kutoka Bujumbura, ng’ambo ya mpaka wetu, hadi Bruseli, shibiri moja.

“Usiku mmoja mu ndege, asubuhi tumefika.”

“Na miye?” nikauliza.

“Weye uko na miguu. Utabeba bebe mpaka Lemera.”

Lemera haikuonekana hata kwenye atlasi. Tulikimbilia huko na mama, tukipanda milima siku nyingi, bebe, kitinda mimba wetu, akinikojolea mgongoni. Tuliporudi kwetu Mulongwe, mdogo wangu akapiga simu.

“Yaya, mkubwa wangu, ile safari ilinichosha!”

Nikampa mama simu.