Jumuiya Niliyodhani Ni Yetu

Kwetu, kwenye miteremko ya kahawa juu ya Githongo, neno jumuiya lilikuwa na maana moja tu: nyumba kumi na tano zinazosali pamoja kila Alhamisi. Mimi nilikuwa mwenyekiti wake na katekista wa kanisa, na watu waliniita mwalimu. Kwa hiyo chifu aliponipa karatasi nitangaze kwamba wageni wa Jumuiya wangekuja Alhamisi saa nne, kwenye ukumbi wa kiwanda cha kahawa, kuwasikiliza wananchi, nilitangaza kwa furaha. Nilidhani wametumwa na askofu.

Jumatano jirani yangu alinikuta nikipogoa kahawa. Alikuwa mjane, muumini wa kanisa la ng'ambo ya mto. Binti yake alikuwa fundi wa nguo katika nchi jirani. Wiki sita nyuma maofisa wa huko walikuwa wamemfungia duka, cherehani zake mbili zikiwa ndani, wakisema biashara ndogo si ya wageni.

"Muga, mwalimu," alinisalimu. "Hao wageni wa Jumuiya, hata mimi naweza kuja?"

"Umeanza lini kusali rozari?"

"Sitaki rozari. Nataka kuwauliza habari za mtoto."

"Mama, Jumuiya ina wenyewe. Nyinyi wa ng'ambo ngojeni wageni wenu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Sawa, mwalimu," alisema, na kesho yake akashuka soko la Gakoromone kuuza ndizi.

Niliingia ukumbini na akina mama wa jumuiya, wamefunga vitambaa vya kanisa, tukaanzisha wimbo. Wageni watatu wenye suti walisimama kwa adabu mpaka ubeti wa nne ukaisha. Kisha mmoja wao, mwanamke mpole, akashukuru kwa mapokezi, akasema wametoka Jumuiya ya nchi zetu hizi zinazopakana.

Rozari niliirudisha mfukoni polepole.

Akaeleza kwamba juu kabisa hukaa marais, na lazima wakubaliane wote. Mmoja akikataa, jambo linalala. Chini yao wako mawaziri, wanaopanga mipango. Kisha kuna bunge la kutunga sheria.

"Hao wabunge tuliwapigia kura lini?" mkulima mmoja akauliza.

"Hamkuwapigia. Wanachaguliwa na wabunge wenu."

"Basi hao ni wajukuu wetu. Mbona hawaji kutusalimia?"

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka nao. Kisha akafika kwenye mahakama. Alisema mwananchi wa kawaida anaweza kuishitaki nchi yoyote mwanachama, bila kupitia kwanza mahakama za nchi hiyo. Ila asipitishe miezi miwili tangu ajue alilotendewa.

Nikahesabu wiki za yule binti. Zilikuwa zimebaki kama mbili.

Saa kumi nilipita langoni kwa jirani. Alikuwa amerudi kutoka sokoni, anapepeta maharagwe. Ningeingia. Lakini ningelazimika kumwambia kwamba mimi, niliyewafundisha watoto wa kijiji kizima maana ya maneno, sikulijua neno nililomfukuzia. Nikajiambia, subira, Mungu atanipa wakati unaofaa. Maisha yangu yote nimesifiwa kwa subira. Siku ile niliipa woga wangu jina hilo.

Niliingia lango lile Jumapili ya nne baada ya mkutano, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alihesabu kwa vidole, akarudia.

"Wiki iliyopita tungewahi, mwalimu."

"Ndiyo."

"Na ulijua tangu Alhamisi ile?"

"Tangu Alhamisi ile."

Sijui kama mahakama ingempa haki. Ninachojua ni kwamba hakupata hata nafasi ya kuuliza, na aliyemnyima hakuwa rais wala waziri. Binti alirudi nyumbani mwezi uliofuata, na chombo pekee cha kazi alichorudi nacho ni futi ya kupimia nguo.

Jumapili ile, baada ya kumweleza, nilingoja mama yule anitukane. Aliingia jikoni, akatoka na kikombe cha uji wa wimbi, akanipa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni.

"Keti, mwalimu," akasema. "Hapa kwetu hatuulizi mtu ni wa jumuiya gani."

Nilikunywa nikitazama chini.