Pete ya Jiwe Lililolala

Enzi za ruksa zilipofika Tukuyu zilikuja na vitu ambavyo hatukuviomba. Zilileta sabuni za kunukia, betri zisizodumu, marobota ya mitumba yaliyofunguliwa juu ya matope, na pete za uchumba. Kabla ya hapo binti wa kwetu alichumbiwa kwa ng'ombe, na ng'ombe havaliwi kidoleni. Lakini vijana waliopeleka ndizi Dar es Salaam waliona wenzao wa huko wakivishana pete mbele ya wageni, nao wakarudi wakitaka vivyo hivyo. Mchumba wangu alikuwa mmoja wao.

Alikuwa mtu wa Kisiba, mwana wa mkulima wa ndizi na chai. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini. Wazazi wangu ni watu wa Masukulu, ila nilikulia Mbeya mjini, na Kinyakyusa changu kilikuwa cha kuombea maji. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Baba yake alikuwa hajatuma mshenga kwetu, na alisema hatamtuma. Hakuwa na neno na ukoo wangu wala kazi yangu. Alisema binti wa mjini hajui kuwaogopa wakwe, na nyumba ambamo mkwe haogopwi haisimami.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Tulipokwenda Masukulu likizo, mama yangu akiona kofia ya babu, baba mkwe wake, inachomoza njiani alitua ndoo yake akaingia migombani, akageuza mgongo na kungoja huko mpaka mzee apite, mvua inyeshe isinyeshe. Niliwahi kumuuliza kama babu alikuwa mkali. Akasema ni mpole kuliko watu wote anaowajua. Nikaona huo ni upuuzi mtupu, na ukubwani nilimwambia hivyo mchumba wangu, ambaye kwa akili zake aliyarudia maneno yangu nyumbani kwao.

Basi pete ilikuwa mbinu yake. Alidhani nikishavikwa mbele ya watu wa kanisa, baba yake ataona haya kuendelea kukataa. Nilimwambia hamjui baba yake. Hata hivyo nilikwenda naye kuichagua, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuiona almasi.

Sonara alikuwa Mwislamu wa pale pale Tukuyu. Siku zote kazi yake ilikuwa kuunga mikufu iliyokatika na kutengeneza saa. Biashara ilipofunguliwa, ndugu yake wa Dar alimletea pete mbili za almasi, naye akaziweka juu ya kitambaa cheusi katika kabati la kioo, katikati ya saa mbovu za watu. Mawe yote mawili yalikuwa membamba marefu, kiasi cha punje ya mchele. Tofauti yake ilikuwa jinsi yalivyowekwa. La kwanza lilielekea ukucha, limeinuliwa juu kwa vijino vinne. La pili lililazwa kukingama kidole, chini kabisa, karibu lizame kwenye dhahabu.

Mchumba wangu alitaka lililosimama. Alisema hata mtu aliyekaa viti vya nyuma kanisani ataliona. Lile la kulala alilitazama kwa mashaka, akasema limekaa kama gogo lililoangukia njia, na kwao watu hawaachi kuona maana katika mambo kama hayo. Nikaivaa hiyo yake. Vijino vikanasa uzi wa sweta langu papo hapo, na Tukuyu mtu haendi bila sweta. Nikafikiria kufua, kumenya ndizi mbichi na utomvu wake, kufuta ubao. Nikaivaa ile nyingine, nikapitisha mkono kwenye mkono wa sweta na kuutoa, isinase kitu. Lakini nilichoipendea hasa ni kwamba haikuwa ikimwita mtu aje aitazame. Sonara, mtu mkweli kupita faida yake, akatuambia hiyo ililetwa kwa makosa na wateja wote wameipita.

Tukabishana kwa sauti ya chini, kama wanavyobishana watu wanaotarajia kuishi pamoja. Mvua ilikuwa imelitia duka giza. Nilikuwa nimeunyoosha mkono dirishani kutafuta mwanga, ile pete ya kulala kidoleni, niliposikia mtu akikohoa mlangoni na mwavuli ukikung'utwa. Mchumba wangu akasema, "Baba." Mzee alikuwa ameleta saa yake.

Siwezi kudai kwamba niliamua. Uso wake sikuuona, niliona buti za mpira na ncha ya mwavuli. Miguu ilinipitisha nyuma ya kabati, nikapenya pazia ambako sonara alikuwa na jiko lake la kahawa, nikatoka mlango wa nyuma hadi kwenye migomba ya jirani. Nikasimama chini ya jani, nimegeuza mgongo, nimelowa chapachapa, na almasi ya watu iko kidoleni.

Kilichonikera ni kwamba hakuna aliyenitaka nikimbie. Hakuna hata ng'ombe mmoja aliyekuwa amekwenda kwetu. Sikuwa mkwe wa mtu, mila haikuwa na dai lolote kwangu, na ningeweza kumwambia shikamoo kama mwalimu yeyote na kubaki pakavu.

Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mbao, nikasikia yote. Sonara alianza kuita mwizi, na alikuwa na haki, lakini hakulimaliza neno. Mzee alimkatiza. Wote wawili walizaliwa wakisema Kinyakyusa, na nilikuwa nimeambiwa mzee hasemi Kiswahili ila kwa kulazimishwa. Siku hiyo alisema Kiswahili, taratibu, akipaza sauti kuelekea mlango wa nyuma.

"Usimwite mwizi. Yule ni mkwe wangu. Ananipisha."

Kisha akamwambia mwanawe kwamba mshenga atakwenda kwetu kesho yake, na kwamba si vizuri kumweka mtu kwenye mvua. Akakohoa tena akitoka, kwa nguvu, ili nijue njia ni nyeupe. Niliporudi ndani sonara alinipa kitambaa nijifute. Mchumba wangu alikitazama kidole changu, na ile pete ya kusimama hakuitaja tena. Tulichukua niliyokimbia nayo.

Ng'ombe wakaenda, kanisa likajaa, na aliyekaa viti vya nyuma hakuona kitu. Tulijenga Kisiba, shamba la mzee likiwa upande wa pili wa kijito. Kila alipokuja alikohoa kabla ya kufika uani, nami nikatoka kwa mlango wa jikoni. Rafiki zangu wa Mbeya walicheka, na mimi nilicheka nao. Mzee alituma mikungu ya ndizi kwa watoto, mimi nilirudisha chai ndani ya chupa. Nyakati nyingine aliwauliza watoto kama mama yao bado anayo ile pete. Hakuwahi kuiona.

Alifariki masika. Nilipika, nikapokea wageni, nikatandika majamvi, na sikulia. Shangazi mmoja wa mume wangu alisema, nikisikia, kwamba jicho la mkwe wa mjini ni kavu. Nilidhani anasema kweli.

Siku iliyofuata mazishi nilikuwa ndani namenya ndizi na wanawake wenzangu. Mzee fulani, jirani, akafika mlango wa mbele, akakohoa na kungoja kidogo kabla ya kuingia. Niliweka kisu chini, nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikaingia migombani na kugeuza mgongo. Nikangoja apite. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nilingoja kitambo kabla ya kukumbuka kwamba hakuna wa kupita.

Hapo nililia, kwa sauti. Nilisikia wanawake wakinyanyuka kunifuata, halafu sauti ya mama mkwe ikawazuia, kwa Kinyakyusa, na sasa nilikielewa chote.

"Mwacheni," alisema. "Anampisha."