Oveni ya Noelene

Wewe ungekula keki iliyookwa palepale ilipookwa bloku ya injini ya msumeno? Noelene Trewin aliila kwa miaka mingi, na wageni wake waliila pia. Waliisifu huku wakiomba maji.

Mumewe, Darcy, alikuwa mkata kuni wa Kooralee, huko bara, New South Wales, Australia. Huko mti ni mkaratusi wa gome-chuma, na ukiupiga shoka, shoka ndilo linaloumia. Darcy hakuwahi kutumia msumeno wa mnyororo kama ulivyotoka dukani. Alipanua matundu ya silinda, akatoboa ekzosi na kuondoa gasketi ya chini ili injini ibane hewa zaidi na kupata nguvu. Lakini beringi haitoki kwenye bloku mpaka bloku ipate moto, na moto ulio sawasawa ni wa oveni. Aliamini kwamba kilichotoka kiwandani si amri ya Mungu, na kwamba mtu anayekubali kila anachouziwa ameshauzwa yeye mwenyewe. Katika hilo alikuwa na haki kabisa. Oveni tu ndiyo haikuwa yake.

Ijumaa moja Noelene alifungua oveni aweke nyama ya kondoo, akakuta bloku.

"Darcy!"

"Bado kidogo, mama. Beringi inaachia sasa hivi."

"Sikiliza, mume wangu. Kesho kwenye maonyesho ya kilimo utashindana na Keith kukata gogo. Ukimshinda, oveni hii chukua, nitapika nje kwenye kuni. Ukishindwa, hakiingii chuma humu mpaka nife. Na nikifa pia."

Darcy alicheka, akakubali. Keith Munt, jirani yao, alikuwa na msumeno wa dukani, haujaguswa hata skrubu.

Kesho yake gogo kavu la gome-chuma lililazwa uwanjani. Darcy aliwasha. Msumeno ulilia mpaka farasi wa mashindano wakageuza vichwa.

"Huo si msumeno, ni ndege ya jeshi!" mtu alipiga kelele.

"Keith, nenda nyumbani kabla hujaaibika, mzee!"

Keith akawasha wake. Ulinguruma kama jokofu.

Bendera ikashushwa. Msumeno wa Darcy uliuma mti, ukang'ang'ania, ukazima. Akawasha tena, ukauma, ukazima. Pembeni yake Keith alikuwa akishuka na gogo taratibu, vibanzi vinene vya mti vikimwagika juu ya buti zake, hadi kipande kikaanguka. Watu walipiga makofi machache. Walikuwa wanamwonea Darcy huruma, na huruma huuma kuliko kuzomewa.

"Tubadilishane minyororo," Darcy alisema.

Hiyo ndiyo desturi yao. Misumeno miwili hailinganishwi mpaka kila mmoja umekata kwa mnyororo wa mwenzake, la sivyo mnalinganisha tupa zilizonoa, si injini. Wakabadilishana. Sasa msumeno wa Darcy ulipita kwenye gogo kama kisu kwenye siagi, nao wa Keith ukauma, ukang'ang'ania, ukazima.

"Umeona?" Darcy alimgeukia mkewe, jasho likimtoka. "Injini yangu ni kiboko!"

"Ni kiboko kweli," Noelene alisema. "Tatizo lako ni vile vinundu mbele ya meno, vinavyozuia jino lisiume kupita kiasi. Umevisaga chini mno. Kwenye msonobari jino litakula vizuri, lakini kwenye gome-chuma linameza kuliko koo lake."

"Sasa Keith lini alijifunza kunoa?"

Keith alikazia macho kikombe chake cha chai. "Sikunoa mimi, kaka."

Darcy alimtazama mkewe. Baba yake Noelene alikuwa mkata mataruma ya reli, na alimkuza bintiye na tupa mkononi. Mara ngapi Noelene alikuwa amemwambia, niachie hiyo tupa? Na Darcy alijibu nini kila mara? Kwamba mnyororo ni kazi ndogo.

"Umeninolea adui!"

"Nimemnolea jirani. Nilitaka oveni yangu."

"Lakini injini ilishinda! Wote wameona!"

"Tuliahidiana msumeno, hatukuahidiana injini. Msumeno bila mnyororo ni kelele, baba."

Darcy alifikiri. Alikuwa ametoa ahadi. Aliingia garini, na njiani alisimama mara moja tu, kuuliza kwenye duka la vyuma chakavu kama lina oveni kuukuu. Halikuwa nayo.

Asubuhi iliyofuata aliamshwa na harufu ya mkate. Jikoni hapakuwa na mtu. Oveni ilikuwa imesuguliwa mpaka ikang'aa, na ndani mkate ulikuwa ukiumuka. Bloku yake ilikuwa kizingitini, imefungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Kutoka bandani ilisikika tupa, polepole, mkono mmoja usio na haraka. Akaenda. Noelene alikuwa amekaa kwenye kigoda chake yeye Darcy, mnyororo wake umebanwa kwenye jiliwa.

"Oveni usiiguse," alisema bila kugeuka. "Lete chai. Na lete ule mnyororo mwingine."