Mguu wa Kahigi Ambao Haukualikwa

Ndugu yangu Kahigi wa Chonyonyo alianza kukamua ndizi kabla hajaota meno. Mama alimweka ndani ya obwato, ule mtumbwi wa mti tunaokamulia, ili achume maharage kwa utulivu. Aliporudi, mtoto alikuwa ameshajaza mitungi mitatu na anaitisha wa nne. Anayebisha akamuulize mama mwenyewe. Yupo nyuma ya migomba, kaburi lenye msalaba.

Tangu hapo hakuna harusi wala kipaimara huku kwetu kilichonywewa bila nyayo zake. Na kazi hiyo ina heshima yake. Mkamuaji huosha miguu mpaka juu ya goti, husugua visigino kwa jiwe, ndipo aingie kukanyaga ndizi mbivu pamoja na majani makavu mpaka utoke mramba mtamu, ambao baadaye huchacha ukawa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Nimemwona Kahigi akiingia kazini ana tongotongo machoni, lakini visigino vinang'aa kama sahani ya Pasaka.

Sasa mjukuu wake Vero alikuwa anaolewa Jumamosi. Ndizi zilishafukiwa shimoni, zitoke Alhamisi, na ndizi zikishaiva hazimsubiri mtu. Tangu Vero anatambaa, babu yake alimwapia: "Kinywaji cha harusi yako nitakikanyaga mimi, hata nikiwa na miaka mia." Basi Jumatatu akasema anafanya mazoezi. Mazoezi gani, mzee wa miaka sitini na minane! Akarukia ndani ya obwato tupu iliyolowa mvua, akateleza, goti la kulia likagonga ukingo. Mlio ule ulisikika mpaka kijiji cha Igurwa. Kuku wetu wawili wakataga papo hapo, na mmoja wao alikuwa jogoo.

Goti likavimba kama boga. Shemeji yetu Nolasco, ambaye naye hukamua, ila kwa nyayo za kawaida tu, akaja mbio kutoa pole, meno yote nje.

"Pole shemeji. Pumzika. Ndizi za Vero niachie mimi."

"Nitakuachia ukishanizika."

"Goti limevunjika hilo! Mimi naona hata bila kipimo."

"Mwaka jana hukuona shimo la choo," nikamwambia, "leo unaona mfupa?"

Jumanne asubuhi nikampeleka hospitali. Kabla ya kutoka alijifungia uani nusu saa nzima, akaibuka mguu wa kulia umeoshwa, umesuguliwa, umepakwa samli. Ulinukia mpaka nyuki wakatusindikiza njiani.

Mpiga eksirei alikuwa binti mmoja anaitwa Adela.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," nikaitikia mimi dada mtu. "Mshike polepole, ana harusi."

"Babu anaoa?"

"Labda apatikane kipofu."

Mimi nikaachwa nje ya mlango mzito. Nikamsikia Adela akimwambia alale, anapiga goti kwa mbele; kisha ageuke, anapiga kwa ubavu; kisha alikunje kidogo, anaipiga pia ya goti kutokea juu. Hapo kwenye kukunja Kahigi aliwataja watakatifu wote, na wengine ambao hata Kanisa halijawajua.

Daktari Aimable akatuita tuone picha kwenye kompyuta. Pia ya goti ilikuwa nyeupe, ya mviringo, na juu pembeni imekatwa na mstari mweusi: kipande kidogo huku, kikubwa kule. Sikusoma hata siku moja, lakini hilo nililisoma. Kahigi akalikumbatia goti lake. 

"Limevunjika," akasema taratibu. "Nolasco atakanyaga ndizi za mjukuu wangu."

Daktari akasogeza uso karibu na kioo. "Ngoja, mzee. Mfupa uliovunjika jana huwa na kingo kali. Hizi ni laini. Nataka kuliona na goti la pili."

"La pili haliumi."

"Ndiyo maana nalitaka."

Kahigi akauficha mguu wa kushoto chini ya kiti. "Haiwezekani. Huu haukualikwa."

Nikainama, nikapandisha suruali. Mungu wangu! Mguu wa kulia ulikuwa bwana harusi. Wa kushoto ulikuwa na tope la wiki nzima, na kama macho yangu ni mazima, kwenye kisigino mche wa maharage ulishatoa majani mawili.

"Mzee, mashine inaona mifupa, haioni tope," daktari akasema.

"Mashine haioni, yule binti wa eksirei anaona! Habari ikifika Kamuli kwamba Kahigi ana mguu mchafu, nani atakunywa nilichokanyaga?"

Nikatoa chupa yangu ya chai ya tangawizi iliyopoa, nikaumwagia mguu, nikausugua kwa kitenge kipya nilichoshona kwa ajili ya harusi. Huo ndio undugu. Kitenge kinanukia tangawizi mpaka leo.

Picha ya pili ikaja. Mstari uleule, pembe ileile.

Daktari akacheka. "Hujavunjika, mzee. Umezaliwa hivi. Kwa watu wachache pia ya goti hukua vipande viwili visivyoungana, wakati mwingine magoti yote mawili. Kama buni: ganda moja, kokwa mbili. Hapa umejigonga tu."

"Basi Alhamisi nakanyaga!"

"Goti hilo lipumzike wiki mbili. Lisikanyage kitu."

"Hilo la kulia?"

"La kulia."

"Na la kushoto?"

"La kushoto ni zima. Lakini huwezi kusimama kwa mguu mmoja, mzee."

"Nani kasema nitasimama?"

Alhamisi Nolasco alikanyaga upande mmoja wa obwato. Upande wa pili Kahigi aliketi kwenye kigoda, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya gogo la mgomba, wa kushoto, umeoshwa mara tatu kwa sabuni, umo ndani unaponda.

"Kanyaga, shemeji! Unabembeleza mtoto?"

"Wewe umekaa!"

"Nimekaa, lakini tazama mramba unakotokea."

Kweli, mramba wote ulimiminikia upande wa Kahigi. Nolasco hajui mpaka leo kwamba nilichomeka jiwe chini ya upande wake.

Jumamosi Vero akaonja lubisi, akamtazama babu yake pale alipoketi.

"Babu, umekanyaga wewe?"

Kahigi akapandisha suruali upande wa kushoto mbele ya wageni wote. Mguu ulimeremeta kwa samli.

"Huu hapa," akasema. "Leo umealikwa."